Chini ya Goti

Mama yake alikuwa mbwa wa Keshero, mlinzi wa magunia ya makala,
mwekundu, mbavu nje, adabu hana.
Baba yake aliletwa Goma kwa ndege, mweupe, manyoya hadi machoni,
akilala juu ya mto wa bwana mmoja wa mashirika
ambaye mkataba wake ulikwisha, akaondoka na mto.

Ndiyo sababu Sambaza yuko hivi:
mkia wa baba juu ya matako ya mama,
sikio moja limesimama kama askari wa barabarani,
la pili limelala kama askari huyohuyo saa nane mchana.
Nilimpa jina la samaki
kwa kuwa aliingia mzima kwenye kopo la kupimia maharagwe.
Sasa ana miaka mitano
na bado hajafika gotini kwangu.

Ukiniuliza namtunzaje, nitakujibu: kwa vidole.
Kila jioni navipitisha kwenye manyoya hadi kwenye ngozi,
natafuta kupe, natafuta miiba,
na lile vumbi jeusi la mlima linalojificha kwapani.
Kisha kitana. Ni cha Masika, binti yangu,
naye hajui, wala usimwambie.
Miguu naiosha kwa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo,
maana mawe ya huku ni moto uliopoa bila kusamehe,
yanakata soli ya kiatu, sembuse unyayo.
Halafu mawese, tone kwa kila kidole.
Analamba. Napaka tena. Analamba.
Hayo ndiyo maongezi yetu.

Anakula ugali wa jana na vichwa vya wale aliopewa jina lao,
haoni haya.
Mifupa ya kuku simpi.
Sindano ya kichaa cha mbwa hakosi,
hata mwaka ule tulipokuwa tunakula mara moja kwa siku.

Akifurahi anapiga chafya.
Chukudu hazipendi, ila anabwekea gurudumu la nyuma tu.
Ardhi ikitaka kutetemeka, anaingia chini ya cherehani
kabla sufuria hazijaanza kugongana.
Ile mishindo mingine, inayotengenezwa na watu,
tunaisikia pamoja.

Mwezi wa nne, alfajiri, upepo wa ziwa ukiwa bado umelala,
alimfukuza mjusi hadi kwenye shimo nyuma ya kwa Paluku,
pale nyasi zinapokauka bila kiangazi.
Niliona mkia.
Kisha sikuona mkia.

Hakulia. Mazuku hayampi mtu nafasi ya kulia.
Hayana rangi, yanatuama chini kama maji,
na asubuhi ile yalikuwa yananifika magotini.
Magotini!
Nilisimama pale napumua vizuri kabisa,
na yeye, hatua tatu mbele yangu, alikuwa anazama.

Usiiname: hilo hata watoto wa Himbi wanalijua.
Nilivuta pumzi ya ukoo mzima,
nikaziba pua kwa kitenge,
nikainama.
Nikamnasa ngozi ya shingo, nikapanda.
Alikuwa mwepesi, mwepesi vibaya,
kama nguo iliyovuliwa.
Nikamlaza juu ya ukuta wa mawe, nikampepea kwa kitenge, nikahesabu.
Nilifika thelathini na kitu,
nikapotea, nikaanza upya.

Akapiga chafya.

Tangu hapo, jua likiwa bado halijapanda, hakanyagi chini.
Namfunga mgongoni tukaenda kuchota maji,
na vijana wa chukudu wanasimama kabisa, na mizigo yao:
“Mama Kavira! Unabeba imbwa mu mugongo?”
“Nabeba.”
“Kwani haina miguu?”
“Iko nayo mine. Urefu ndiyo haina.”

Wanacheka, wanasukuma, wanateremka.
Naye Sambaza, kwa mara ya kwanza toka azaliwe
akiliona gurudumu la mbele,
ananibwekea sikioni.